Bawa la Kushoto Italia, la Kulia Hispania: Mataifa Washirika Yanavyounda na Kupeana Silaha

Mwaka 1979, Vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 iliingia anga la Mwanza ikilenga bohari ya mafuta. Ikakosa shabaha. Mzigo wake uliangukia kisiwa cha Saanane, ng'ambo kidogo tu ya Capri Point, ukaua wanyama kadhaa waliokuwa wakihifadhiwa pale na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya Idi Amin na rafiki yake Gaddafi, kisha watu wakaendelea na mengine. Lakini itazame ndege yenyewe. Iliundwa Umoja wa Kisovieti, ikauzwa Libya, ikarushwa kwa ajili ya Uganda, ikaja kupiga nchi ambayo nayo ilikuwa na ndege za MiG-21 na mitambo ya roketi ya BM-21 yenye asili hiyohiyo ya Kisovieti. Na Moscow, iliyokuwa imejaza maghala ya Amin kwa miaka, ilijitenga naye vita vilipoanza.

Mtu akiuliza "silaha ile ilikuwa ya nani?" hapati jibu la neno moja. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila silaha nzito duniani leo. Nchi chache sana zinaweza kubuni, kuunda, kulisha risasi na kukarabati zana zake zote bila mkono wa mwingine, kwa hiyo mataifa yanayoaminiana hugawana kazi hiyo. Nataka kueleza namna wanavyogawana, na kuna jambo moja nitalisimamia tangu mwanzo hadi mwisho: bei ndiyo inayotangazwa redioni, lakini uzito wa mkataba uko kwingine. Uko kwenye vipuri, kwenye risasi, na kwa yule anayebaki na mamlaka ya kusema hapana hata baada ya fedha kulipwa.

Kuazimana na kupeana siri

Njia nyepesi kuliko zote ni mwenye nacho kumpa asiye nacho. Mfano mkubwa zaidi ni sheria ya Marekani ya Machi 1941, iliyopita wakati Marekani yenyewe bado haijaingia Vita Kuu ya Pili. Sheria hiyo, maarufu kwa jina la Lend-Lease, ilimruhusu Rais Franklin Roosevelt kuzipatia silaha, magari, mafuta na chakula nchi ambazo usalama wao ulihesabiwa kuwa na maana kwa usalama wa Marekani. Hadi vita vinakwisha, vifaa vya thamani ya dola bilioni 50 hivi vilikuwa vimekwenda kwa nchi zaidi ya 30. Uingereza ilipata fungu kubwa kuliko wote. Umoja wa Kisovieti ulipata, pamoja na mambo mengine, malori na jeep zaidi ya 400,000. Roketi za Katyusha, ambazo BM-21 ya Kagera ni uzao wao, nyingi zilipigwa zikiwa zimefungwa juu ya malori ya Studebaker kutoka Marekani. Silaha ya Kirusi yenye sifa kubwa, miguu yake ya Kimarekani.

Msaada huo haukuwa wa bure moja kwa moja. Vita vilipokwisha, Uingereza ilikopa Marekani fedha za kujikwamua, na ndani ya deni hilo kulikuwa na malipo ya vifaa vilivyobaki mikononi mwake. Awamu ya mwisho ililipwa Desemba 2006. Waliosaini walikuwa wamekwisha kufa.

Lakini kabla ya malori na chakula, Waingereza walikuwa wametoa kitu kidogo chenye thamani kubwa zaidi. Septemba 1940, London ikipigwa mabomu usiku na mchana, ujumbe ulioongozwa na mwanasayansi Henry Tizard ulivuka Atlantiki ukiwa na siri za kijeshi za Uingereza. Mojawapo ilikuwa magnetroni, kifaa kinachoenea kiganjani, kilichobuniwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Kifaa hicho kilizalisha mawimbi mafupi yenye nguvu kiasi cha kuwezesha rada ndogo ya kufungwa ndani ya ndege. Uingereza ilikuwa na ujuzi lakini viwanda vyake vilikuwa vimeelemewa na vinapigwa mabomu. Marekani ilikuwa na viwanda lakini haikuwa na kifaa hicho. Mwezi uliofuata Wamarekani walianzisha maabara maalumu ya rada katika chuo cha MIT. Naiona safari ile kuwa mfano safi kuliko yote ya ushirikiano wa silaha, kwa sababu kila upande ulileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho. Mikataba mingi iliyofuata haikuwa na usafi huo.

Ndege moja, nchi nne

Baada ya vita, bei ya kubuni ndege ya kivita ilipanda hadi nchi za Ulaya zikaona haziwezi kila moja kubeba mzigo wake peke yake. Hesabu yake inaeleweka: gharama ya kubuni ni ileile, uunde ndege mia au uunde mia sita. Mkiwa wanne, kila mmoja analipa sehemu tu ya ubunifu, na kiwanda kikitoa ndege nyingi, kila moja inashuka bei.

Hapo ndipo ilipozaliwa Eurofighter Typhoon, mradi wa Uingereza, Ujerumani, Italia na Hispania. Ufaransa nayo ilikuwemo mwanzoni. Ilijitoa mwaka 1985, kwa kuwa ilitaka ndege nyepesi inayoweza kutua kwenye manowari ya kubebea ndege, na ilitaka kampuni yake iongoze ubunifu. Ikaenda kuunda Rafale peke yake. Wanne waliobaki waligawana mwili wa ndege kama ifuatavyo: sehemu ya mbele Uingereza, kiwiliwili cha kati Ujerumani, bawa la kushoto Italia, bawa la kulia Hispania. Kisha vipande hivyo havikupelekwa kwenye kiwanda kimoja. Kila nchi ilijenga karakana yake ya kuunganisha ndege zake: Warton, Manching, Turin na Getafe. Karakana nne za kufanya kazi moja.

Mhandisi angeuliza kwa nini. Mwanasiasa hahitaji kuuliza. Kila serikali ilikuwa inatoa kodi za wananchi wake, na wananchi hao walitaka kuona ajira zikirudi nyumbani kwa kiwango cha fedha zilizotoka. Kanuni hiyo, kwamba anayetoa theluthi ya fedha apate theluthi ya kazi, ndiyo iliyotawala miradi ya Ulaya kwa miongo. Inaleta amani mezani, lakini inapandisha gharama, maana kazi humwendea mwenye haki ya mgawo badala ya fundi hodari kuliko wote. Typhoon iliruka mara ya kwanza mwaka 1994 na kuingia jeshini mwaka 2003, wakati adui ambaye ilibuniwa kupambana naye, Umoja wa Kisovieti, alikuwa ameshasambaratika zaidi ya miaka 10 kabla. Mwaka 1996 Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza zilianzisha shirika la pamoja la kusimamia miradi, OCCAR, kwa nia ya kulegeza kanuni hiyo: mgawo upimwe kwa kujumlisha miradi mingi na miaka mingi, si kwa kila bawa na kila skrubu.

Hata hivyo mambo hayakunyooka mara moja. Ndege ya mizigo ya A400M iliagizwa mwaka 2003 na nchi 7, jumla ndege 180. Ikachelewa na kupasua bajeti, hadi mwaka 2010 nchi hizo zikalazimika kuongeza euro bilioni 3.5 ili mradi usife. Ukishakuwa na washirika saba, kusitisha mradi ni kugumu karibu sawa na kuumaliza.

Wamarekani walichagua muundo mwingine kwa ndege yao ya kivita ya F-35. Pale hakuna usawa wa kujidai: Marekani ndiyo mwenye mradi, kampuni ya Lockheed Martin ndiyo fundi mkuu, na nchi nane nyingine ziliingia kama washirika wa ngazi tofauti. Uingereza ilikuwa pekee katika ngazi ya juu, na sehemu ya nyuma ya kila F-35 inayotengenezwa duniani hutoka katika kiwanda cha Kiingereza. Muundo huu una kasi zaidi, kwa sababu anajulikana nani anaamua. Na Uturuki iliujua ukali wake. Ilikuwa mshirika kamili, ilipanga kununua ndege 100, na viwanda vyake vilitengeneza zaidi ya aina 900 za vipuri vya ndege hiyo. Julai 2019 ilipokea mitambo ya ulinzi wa anga ya S-400 kutoka Urusi. Mwezi huohuo Marekani ikaitoa kwenye mradi. Fedha ilikuwa imelipa, vipuri ilikuwa inatengeneza, marubani walikuwa wameanza mafunzo. Ndege haikupata.

Risasi na vipuri

Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, utazame mashine za mitumbwi. Nyingi ni za chapa moja, Yamaha, na mvuvi atakwambia sababu: ikikufia Ukerewe au Sengerema, kipuri unakipata na fundi anaijua. Anayenunua mashine nzuri zaidi ya chapa ngeni anaweza kukaa nchi kavu wiki nzima akisubiri kifaa kidogo kutoka mbali. Majeshi ya NATO yalilielewa hili mapema. Umoja huo ulianzishwa mwaka 1949, na kufikia mwaka 1954 ulishakubaliana kuhusu risasi moja ya bunduki, ya milimita 7.62 kwa 51. Tangu hapo yameandikwa makubaliano ya viwango zaidi ya elfu, kuanzia kipenyo cha mzinga hadi kiunganishi cha bomba la mafuta ya ndege.

Viwango vinasaidia, lakini mtu asidhani vinamaliza kazi. Vita vya Ukraine vimetufundisha hilo kwa uchungu. Washirika waliipa Ukraine mizinga ya milimita 155 ya kila namna: M777 iliyotoka Marekani, Caesar ya Ufaransa, PzH 2000 ya Ujerumani, Krab ya Poland. Kipenyo cha mtutu ni kimoja. Lakini moja huvutwa na gari, nyingine imefungwa juu ya lori, nyingine ina minyororo kama kifaru. Injini tofauti, vitabu vya mafunzo tofauti, vipuri haviingiliani. Fundi wa mstari wa mbele alijikuta na hospitali yenye wagonjwa wa magonjwa yote na duka la dawa kwa kila mmoja katika nchi yake.

Na risasi zenyewe zikapungua. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora ya mizinga milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipofika, zilikuwa zimefika kama nusu tu. Fedha ilikuwepo. Kilichokosekana ni viwanda: kwa miaka 30 ya amani serikali zilikuwa zimeagiza kidogo kidogo, na hakuna mwenye kiwanda anayeweka mitambo ya ziada kwa wateja wasiokuja. Ikabidi Jamhuri ya Czech izunguke dunia mwaka 2024 kutafuta makombora yaliyokuwa yamelala kwenye maghala nje ya Ulaya, ili washirika wengine wayalipie. Kuna somo kwa nchi yoyote inayonunua silaha kwa sherehe: uliza kwanza kiwanda cha risasi kiko wapi na kinatoa ngapi kwa mwezi.

Ruhusa ya mwenye mali

Kifungo kisichoonekana kwa macho ni hati ambayo mnunuzi husaini kuthibitisha kwamba yeye ndiye mtumiaji wa mwisho. Kwa hati hiyo anakubali kutouza, kutogawa wala kutoazima silaha bila idhini ya aliyemuuzia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inakwenda mbali zaidi: hata kifaa kidogo cha Kimarekani kikiwa ndani ya kombora la nchi nyingine, Washington inaweza kuzuia kombora zima lisiuzwe.

Mwaka 2022 Ujerumani iliamua kuipa Ukraine magari ya kutungulia ndege yaitwayo Gepard. Magari yalikuwa ya Ujerumani, yaliundwa Ujerumani. Risasi zake za milimita 35 zilikuwa zimetengenezwa Uswisi, na Uswisi, kwa kuwa haifungamani na upande wowote, ilikataa zisipelekwe kwenye nchi iliyo vitani. Ujerumani ilikuwa imezinunua, imezilipa, zimo ndani ya maghala yake. Ilibidi iheshimu hapana ile, na mwisho kampuni ya Rheinmetall ikaanza kutengeneza risasi hizo upya ndani ya Ujerumani. Nauheshimu msimamo wa Uswisi kwa maana ulifuata sheria yake. Lakini jenerali anayepanga ulinzi wa nchi yake akisoma kisa hiki lazima arudi kwenye maghala yake na kuuliza, sanduku kwa sanduku, ruhusa ya hiki iko kwa nani.

Miradi ya pamoja inazidisha ugumu, kwa sababu kila mshirika anashika ufunguo wake. Kwa miaka Ujerumani ilizuia Saudi Arabia isiuziwe Typhoon nyingine, ingawa Uingereza ndiyo iliyokuwa muuzaji na ilitamani biashara hiyo. Ikalegeza Januari 2024. Ndiyo maana Uingereza, Italia na Japani zilipotangaza Desemba 2022 kwamba zitaunda pamoja ndege mpya ya mwaka 2035, suala la nani ataruhusu mauzo lilikuwa kubwa sawa na suala la injini.

Sisi tulianza kulijua mapema

Tanzania ilionja jambo hili ikiwa bado changa. Miaka ya mwanzo ya 1960 Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitusaidia kujenga kikosi cha anga. Muungano wa mwaka 1964 ulikuja na uhusiano ambao Zanzibar ilikuwa nao na Ujerumani Mashariki, na mwaka 1965 serikali ilipoiruhusu nchi hiyo kufungua ofisi ya konseli Dar es Salaam, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kuikataa na misaada yao mingine. Kanada ikachukua mafunzo ya kikosi cha anga hadi mwaka 1970, na China ikawa mshirika mkuu. Shirika la Mzinga la Morogoro, linalotengeneza risasi, lilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa maana kuliko ndege yoyote iliyonunuliwa wakati ule, kwa sababu ulileta nyumbani kitu ambacho hakuna balozi anayeweza kukiondoa kwa barua.

Nasi pia tumekuwa upande wa kutoa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na Brigedia Jenerali Hashim Mbita akawa Katibu Mtendaji wake hadi ilipomaliza kazi mwaka 1994. Silaha za China na za Kisovieti zilipita nchini kwenda kwa wapigania uhuru. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilikuwa na kambi Nachingwea. Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Amin alipovamia Kagera, Msumbiji ilituma kikosi kusimama na Tanzania. Hakuna hati ya mtumiaji wa mwisho iliyowahi kuandika deni la namna hiyo.

Sasa zitazame nchi tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria. Jeshi la anga la Kenya lilijengwa juu ya F-5 za Marekani. Uganda ilinunua Su-30 za Urusi. Tanzania ina J-7 za China. Kila moja ina kiwanda chake cha risasi: Kenya Eldoret, Uganda Nakasongola, Tanzania Morogoro. Bunduki ya G3, ambayo Kenya imeitumia kwa miongo, inakula risasi ya 7.62 kwa 51. Bunduki za ukoo wa AK, walizozoea askari wa Tanzania na Uganda, zinakula 7.62 kwa 39. Ziweke risasi hizo mbili kiganjani: vichwa vina unene karibu sawa, lakini ganda moja ni fupi kuliko jingine kwa milimita 12, na milimita hizo zinatosha kumfanya askari wa Kenya aliye mpakani Busia asiweze kumwazima mwenzake wa Uganda hata risasi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya ushirikiano wa ulinzi tangu mwaka 2012, na majeshi yetu hufanya mazoezi ya pamoja ya Ushirikiano Imara. Mazoezi ni mazuri. Viwanda vitatu kukubaliana kila kimoja kitengeneze nini na kiwauzie wenzake kungekuwa na faida kubwa zaidi, na sioni sababu ya kusubiri vita vitulazimishe.

Najua serikali hazianzi na risasi, maana hapo wivu ni mkubwa. Zianze majini. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Chini ya mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Tanzania na Uganda zinashirikiana kuimarisha uokoaji, na Mwanza ilipangiwa kituo cha kuuratibu. Hiki si chombo cha vita, lakini mambo ya kukubaliana ni yaleyale ya Typhoon na Gepard, na ningependa kuyaona yameandikwa hadharani: redio za nchi zote zisikilize masafa yapi, boti zitumie injini gani, na vipuri vikae ghala la nani, na boti ya Uganda ikiwa karibu zaidi na mtumbwi unaozama upande wa Tanzania, nahodha wake aombe ruhusa kwa nani, na kama hajajibiwa ndani ya dakika kadhaa, aendelee au asimame.